Jua la Jumapili Tu

Jumamosi, 6 Septemba

Betri imekufa. Leo, kabla ya saa moja asubuhi. Volti 9.8 — hiyo si betri tena, ni jiwe la kuzuia mlango. Wiki tatu tu tangu niifunge kwenye gari!

Alhamisi asubuhi ilikuwa 12.7, imejaa. Nikawasha friji ya gari, nijaribu. Zimebaki siku ishirini na tano tuondoke, mimi na mzee, mume wangu: nyumba tunapangisha, tunalala garini, tunazunguka mpaka tuchoke. Miaka thelathini na moja nimeshona makochi, watu wakakalia. Sasa ni zamu yangu kukaa.

Hesabu: friji inakula ampia mbili kila saa. Saa arobaini na nane — tisini na sita. Betri ni ya mia. Yaani imekufa kama vile jua halikuchomoza siku mbili! Na jua lilikuwa kali, nimeungua shingo. Paneli ya sola ya wati mia mbili ilikuwa inafanya nini huko juu ya paa la gari? Inapunga upepo?

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi wa sola kaja, nimemwakia. Naye hakukaa kimya: Mama, makochi ndiyo hushonwa, umeme haushonwi. Alidhani nimeunganisha ovyo. Nikamwonyesha: waya mnene, fyuzi shubiri moja kutoka kwenye betri, tundu la hewa. Akanywea. Kaniazima betri yake. Tumeifunga kwa utaratibu, betri kwanza kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopitisha umeme wa paneli kwenda kwenye betri, paneli mwisho. Kontrola ni bawabu, anasema, lazima amjue mwenye nyumba kabla mgeni hajabisha hodi.

Mzee wangu alikuwa mlangoni na kikombe chake. Na kuzima je, bwana mkubwa? fundi akamchokoza. Mzee akaghani kama yuko darasani: shuka juu ya paneli, toa fyuzi ya paneli, ndipo uguse betri. Nilimfundisha mwenyewe mwezi uliopita. Karani wa posta mstaafu — ukimpa utaratibu haachi hata nukta. Fundi kacheka: huyu atakunyang'anya gari, Mama.

Jumatano, 10 Septemba

11.8! Siku mbili! Nimezima friji, nisije nikaua na ya kuazima.

Sielewi. Waya mzima. Kioo cha paneli safi — safi kuliko paa lenyewe, paa lina vumbi la kuandikia jina. Hilo nalo silielewi.

Nimemuuliza mzee kama mchana kivuli huwa kinafika, maana yeye ndiye anayeshinda nyumbani. Kasema hajaona. Kisha, kama anayezungumza na chai yake: konokono ndiye anayebeba nyumba mgongoni, mama watoto. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshinda nyumbani. Friji nimeiwasha tena tangu jana jioni. Saa sita mchana kontrola inasoma ampia 9! Jioni volti zimepanda. Hakuna ugonjwa. Basi ni nini?

Jumanne, 16 Septemba

Imeshuka tena. Fundi kapita jioni, kanionyesha nisichokijua: ukibonyeza kitufe mara mbili, kontrola inakupa kumbukumbu yake, siku kwa siku, ni ampia-saa ngapi zimeingia kutoka kwenye paneli. Nimenakili. Ijumaa 1. Jumamosi 1. Jumapili 61. Jumatatu 1. Leo 1.

Jua gani hili linalofanya kazi siku ya mapumziko tu?

Fundi kakuna kichwa. Paneli yako inakuogopa, Mama. Ukiwepo inachapa kazi.

Mzee hakutoka nje kumwamkia.

Jumatano, 17 Septemba

Nimerudi saa sita na nusu mchana, nilisahau sindano kubwa. Juu ya gari: shuka letu la bluu. Limetandikwa bila kunyanzi, pembe nne zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Ndani, fyuzi ya paneli imetolewa, imelazwa kwenye kisahani. Kwa utaratibu, neno kwa neno! Na friji inanguruma. Hilo sikumfundisha — kwamba friji haijui shuka, inaendelea kunyonya betri.

Dirishani nikamwona. Amekaa sebuleni, kwenye kochi la kwanza nililowahi kushona, kiganja kimelala juu ya mkono wa kochi. Basi. Hasomi, redio imezimwa. Anaitazama tu sebule, kama mtu anayehesabu vitu vyake.

Sikuingia. Mimi! Mimi ninayemfokea muuza nyuzi kwa rangi iliyokosea kidogo! Nikarudi kazini bila sindano. Saa kumi na mbili jioni kila kitu kiko mahali pake: fyuzi, shuka kabatini, chai mezani. Pole na kazi, mama watoto.

Kwa nini asiseme tu? Hapana ni neno fupi. Alikubali mwenyewe, mwezi wa tano! Au hakukubali, alinyamaza, nami nikajihesabia kuwa ndiyo? Sijui tena. Namba zote ninazo na sijui.

Alhamisi, 18 Septemba. Saa mbili na nusu asubuhi

Sikwenda kazini. Nilitoka getini, nikazunguka, nikaingia garini kwa mlango wa nyuma. Kabla ya hapo, kulipokucha, nilikuwa nimepanda juu ya gari na chaki yangu ya kitambaa, nikaandika kwenye kioo cha paneli, herufi kubwa: UNAKUJA AU HUJI? NDIYO AU HAPANA. MWISHO SAA TATU KAMILI.

Kontrola iko mbele yangu. Ampia 4.

Ngazi inalia. Hatua moja. Ya pili. Anahema kama anayepandisha gunia.

Ampia 4.

Ampia 1.5. Shuka hushusha mpaka sifuri — hili si shuka. Ni kivuli chake. Amesimama, anasoma.

Dakika saba sasa. Bado 1.5. Akitandika shuka ni hapana, akishuka nalo ni ndiyo. Hatandiki, hashuki.

Nijibu, mzee. Sitaki konokono. Ndiyo au hapana. Una dakika kumi na moja.