Sahani Mbili za Lengalenga

Dada Nekesa, ejok, kama wasalimiavyo Waturkana huku. Jua la Kakuma limenikausha kama nyama ya nyirinyiri.

Leo nilipeleka mashine ya leza kupima udongo wa bustani ya Mama Furaha, Mkongomani, mahali ambapo zamani palikuwa na fundi wa betri. Mama huyo akasema nile kwanza. Sikubishana, nikamaliza sahani mbili za lengalenga, mchicha wa bustani hiyohiyo. Ndipo nikapima. Udongo umejaa madini ya risasi, sumu ya betri.

"Mutaalamu, ulikula mbele ya kupima?" akauliza Mama Furaha nilipomwambia.

Nikacheka peke yangu.

"Na batoto yangu? Banakulaka hii kila siku."

Kesho watapimwa damu zahanati. Nitapanga foleni nyuma yao. Wakumbatie wapwa zangu, ila usiwaambie mtaalamu aliyekula kabla ya kupima ni mjomba wao.

Kaka yako, Barasa