Nuksi Si Mimi

Mjukuu wangu Idi,

Mbagala imehamia Ulaya lini? Mechi ngapi zimepita hujakanyaga hapa Kariakoo? Shikamoo zangu umezikalia huko, mimi sina cha kuitikia. Anayeandika ni Asha wa jirani. Nimemwambia akilainisha hata neno moja, chapati hapati.

Uliniita nuksi. Mbele ya rafiki zako, chumbani kwangu, kwenye televisheni yangu! Nimeingia na birika la chai, timu ya taifa ikafungwa, ukasema, "Bibi, toka. Ukikaa wewe tunafungwa." Nikaenda uani kwenye jiko langu. Tukafungwa mawili mengine. Na hayo niliyaleta mimi, huku nakuna nazi? Nikacheka, nawe ukabeba viatu mkononi ukaondoka bila kuaga.

Sasa nisikilize, bwege wewe. Timu ilipokwenda mashindano ya Afrika mara ya kwanza, nilikuwa na mimba ya baba yako, nimekaa kwenye mkeka, redio mapajani, maana babu yako alishikilia kwamba nikiishika mimi ndiyo haikoromi. Nuksi alikuwa wapi siku ile? Halafu ikaja miaka ya kufungwa, mpaka tukaitwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia kwetu. Mtaa mzima ukazima redio. Sisi hatukuzima. Mimi sikusoma, lakini majina ya wachezaji niliyashika kwa sikio, nikakufundisha wewe hata kamba za viatu hujajua kufunga.

Babu yako amekufa hajaiona timu ikirudi kwenye mashindano hayo. Iliporudi, mimi na wewe tulikuwa hapa. Ulinibeba juujuu hadi kanga ikanivuka, nikakuzaba kofi, kisha tukalia wote. Ile nayo ilikuwa nuksi?

Juzi tumeshinda. Nilikaa ndani mwanzo mwisho, peke yangu. Bao lilipoingia nikageuka nikushike, nikashika mto. Mzee mzima nimekumbatia mto! Kuniita nuksi nitasahau. Ule mto sisahau.

Mechi ijayo uje. Shikamoo uitoe mlangoni, rafiki zako wasikie. Kisha nenda uani ukakune nazi, mimi nakaa ndani. Tukifungwa, baki huko huko na mbuzi yako ya nazi. Ukisikia nimepiga kelele, ingia mbio, mto nimeshauondoa.

Bibi yako, mkeo wa kwanza.