Chini ya Leso, Runyenjes

Jumatatu, 4 Agosti
Maandazi yameungua tena. Mama Zuhura, mwenye nyumba na mwenye kibanda ninachouzia chai, amenifokea. "Akili iko wapi, Salma?" Salma si jina langu, na akili sijui iko wapi. Mwaka wa sita huu hapa Majengo. Kwetu ukumbi wa maigizo ulijaa nikitajwa tu. Hapa wananijua kwa tangawizi.

Jumanne, 5 Agosti
Jirani yangu Wawira, yule wa duka la dawa, ana ruracio Jumamosi, kwao Runyenjes. Bwana harusi, Muriuki, analeta mahari, halafu anawekewa wasichana waliofunikwa leso amtafute wake. Akikosea, faini. Wawira ananitaka niwe mmoja wao. "Tuko saizi moja, anti. Unasimama tu." Wasichana! Nina miaka arobaini na sita.

Nimekataa. Mimi sipigwi picha. Mchezo wetu wa mwisho jukwaani uliwaudhi wakubwa, na wenzangu wawili hawajaonekana hadi leo. Mama yangu nilimwacha bila kumuaga. Simpigii hata simu, maana anayempigia hufuatwa. Sijui kama anajua niko hai.

Jumatano, 6 Agosti
Wawira amerudi na parachichi. "Ukitoka unapitia nyuma na leso yako, hakuna mtu ataona uso." Haya, nimekubali. Jioni nikajikuta namtazama akienda bombani. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Bega la kulia linatangulia. Nani kaniomba niangalie?

Jumamosi, 9 Agosti
Tulikuwa sita, tumefunikwa kichwa hadi miguu. Kazi yangu ilikuwa kusimama. Lakini vigelegele vilipokatika, watu wakanyamaza, mwili ukanikatalia. Nikavuta pumzi ndefu, mabega yakapanda, kama zamani kabla ya kuingia jukwaani. Kisha nikaburuta mguu wa kushoto, kama Wawira. Muriuki akampita Wawira wake mwenyewe, akaja kwangu moja kwa moja, akafunua leso.

Wamecheka hao! Faini ya mbuzi. Simu zote juu. Na mimi, Mungu nisamehe, sikujificha. Niliwainamia, kama tulivyoinama pazia likifungwa. Nilikuwa na furaha. Mjinga mkubwa mimi.

Jumatatu, 11 Agosti
Video imesambaa. Wachinjaji wote wa Majengo wameiona. "Bibi ya Muriuki, leta chai!" Nacheka nao, nawamiminia. Chini ya video mtu ameandika jina langu la kweli. Jina tu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwambia Mama Zuhura ukweli wote. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kuchagua mchele mpaka ukaisha. "Dada yangu ako na hoteli Gachoka. Huko hakuna mtu anakujua. Utaenda kesho. Na usimuunguzie maandazi."

Nimelia. Nimechoka kuhama. Nimechoka na majina.

Alhamisi, 14 Agosti. Gachoka
Joto. Vumbi. Hapa naitwa Rehema.

Mchana Wawira amenitumia ujumbe wa sauti. Aliyeandika jina langu ni binti wa jirani yetu kule kwetu, furaha ilimzidi. Ameshalifuta. Kisha akamtafuta Wawira, akampa sauti ya mama anifikishie.

Mama amezeeka. Anaongea polepole, na jina langu halitaji hata mara moja. "Mwambie huo mguu wa kuburuta umewadanganya wengine, mimi hapana. Walinionyesha video, watu sita wamefunikwa. Nikasema, wangu ni yule, anavuta pumzi. Walikuwa hawajamfunua bado."

Nimesikiliza mara nyingi, simu imezima. Imebaki kwenye chaji jikoni.

Kesho ni siku ya soko. Nimekanda unga wa kutosha.