Karatasi Moja, Shule Arobaini na Moja

Jumamosi, 27 Desemba 2025

Mdomo huu! Leo nimejitia mwenyewe taabuni. Keyur alikuwa anamwonyesha baba yake, Mzee Ishwarlal, tovuti ya duka. Kila shule tunayoishonea yunifomu ina ukurasa wake. Ziko arobaini na moja, na amezichapa zote kwa mkono, moja baada ya nyingine. Namba ya duka ilipobadilika mwezi jana, akarekebisha kurasa tisa, akachoka. Ukipiga kwenye zilizobaki unampata mama mmoja wa Voi, mkali kweli. Nikacheka. Kwa sauti! Mzee akanigeukia, akaniuliza kama mimi ningefanya vizuri zaidi. Nikasema ningefanya, tena kwa wiki moja.

Basi, mpaka Jumamosi ijayo. Kurasa zikifanya kazi, natoka kaunta, tovuti inakuwa kazi yangu. Zisipofanya, rafiki yake Keyur wa Nairobi anaichukua, na mimi nitauza soksi mpaka nizeeke. Miaka minne ya kaunta inatosha, jamani.

Jumatatu, 29 Desemba

Imekubali!! Siandiki kurasa tena — naandika klasi, yaani vielelezo ambavyo programu inazalishia kurasa. Moja ya kichwa, moja ya jedwali, moja ya orodha. Kila kitu kinajua kujichapa chenyewe. Ukurasa ni kikapu tu: ukiuambia ujichape, nao unaviambia vilivyomo ndani. Kila shule inaleta jina, rangi na saizi zake, basi. Kurasa arobaini na moja kabla chai haijapoa! Nilipiga kigelegele, mteja akashtuka.

Keyur alitikisa kichwa, hakuelewa. Fundi Kenga, anayeshona hapa tangu Keyur hajazaliwa, alielewa papo hapo. Akanionyesha karatasi zake za kukatia, zimening'inia msumarini. Karatasi si sketi, akasema, lakini sketi zote zinatoka humo. Haki, kozi yangu ya kompyuta ya miezi sita, na mzee wa cherehani ameimaliza kwa dakika moja.

Jumatano, 31 Desemba

Kanze, mteja wetu, amekuja tena kutoka Ganze. Safari ya pili, na saizi za mabinti zake watatu bado hazipo. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamfundisha kufungua ukurasa wa shule yao kwenye simu yake, aagize akiwa nyumbani. Unafunguka upesi hata mtandao ukisuasua, maana picha sikuweka.

Alasiri mwalimu mkuu wa shule moja ya Tezo akapiga: sketi zao mwaka huu ni za kijivu. Nikabadilisha chapuchapu, nikafunga kompyuta, nikaenda kujiandaa kwa kesha.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Aibu. Shule zote arobaini na moja zina sketi za kijivu! Ile rangi niliiandika kwenye klasi mama, inayozaa kurasa zote, badala ya Tezo peke yake.

Na Kanze aliagiza jana. Oda humfikia fundi ikiwa na rangi na saizi tu, haitaji shule. Sketi tatu za kijivu zimeshakatwa, na Ganze wanavaa kijani. Kesho anakuja kuzichukua, safari ya tatu. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nililia kidogo nyuma ya mabunda ya vitambaa.

Fundi Kenga akanifuata huko, chaki sikioni. "Mwanangu, umekata karatasi. Ya mtu mmoja huandikwa kwa chaki kwenye kitambaa. Karatasi haiguswi."

Kisha akaniungamia: ujanani alipunguza karatasi ya kaptula kwa ajili ya mtoto mmoja mwembamba. Darasa zima likashindwa kuketi. Nilicheka mpaka kamasi zikanitoka.

Nikaitengenezea Tezo klasi yake ndogo, inayorithi kila kitu kwa mama isipokuwa rangi. Mistari mitatu tu! Keyur hajui bado.

Jumamosi, 3 Januari

Mzee nimemwambia mwenyewe, asubuhi, kabla hajaketi. Kanze naye nikamwambia alipofika. Akaniangalia sana, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikatamani angenigombeza. Fundi anashona kijani tangu saa moja, sketi ya tatu iko cherehanini.

Naandika nimekaa juu ya bunda la kitambaa. Mzee ametia laini mpya kwenye simu ya kaunta, akanipa namba. "Nduku, iweke kwenye zote. Nakuangalia." Nimeiweka mahali pamoja, nikaendesha programu. Sasa anafungua kurasa moja moja, polepole, Keyur amesimama nyuma yake. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Kanze amevuta kiti. "Mzee, wa Ganze niachie mimi." Ameufungua kwenye simu yake, amesoma kijani kwa sauti, amebonyeza namba.

Simu ya kaunta inalia! Miaka minne ni mimi ninayeishika, na miguu imeshaanza kwenda. Mzee amenyoosha kidole bila kuinua macho — nikae.

Keyur ndiye anayekwenda kuishika.