Kuongoza kwa Kidevu

Jumanne, 7 Oktoba
Mazoezi ya kwaya, ukumbi wa Makadara. Joto. Feni mbovu. Sauti ya pili bado inateleza. Napiga kinanda kwa mikono yote miwili na kuongoza kwa kidevu, kama siku zote, maana hatuna mpiga kinanda mwingine. Kidevu kikipanda wanavuta pumzi, kikishuka wanaimba. Shingo yaniuma. Hata hivyo, wimbo wangu "Maji ya Mkokoteni" umeanza kusikika kama nilivyousikia kichwani nilipokuwa nautunga.

Alhamisi, 9 Oktoba
Bwana Karisa, mwenyekiti wa kamati ya tamasha letu la Jumamosi ya wiki ijayo, ameniita ofisini kwake Mbaraki. Chai, mahamri, maneno matamu. Kisha akatoa neno lenyewe: wamemleta mwongozaji kutoka Nairobi, Bwana Otuoma, aliyesomea Ulaya. Yeye ndiye atakayesimama mbele. Mimi nibaki kwenye kinanda. "Hapo ndipo tulipokuzoea," akasema. Masikio yaliniwaka moto. Nimeutunga mimi, kila noti. Na nikajibu nini? "Sawa, Bwana Karisa." Mjinga mimi. Nimelia njia nzima hadi nyumbani Buxton.

Jumanne, 14 Oktoba
Otuoma ana kijiti cheupe na haraka nyingi. Hata habari za nyumbani hakuwauliza watu. Akanyanyua mikono. Hakuna aliyeimba. Wote walikuwa wananitazama mimi. Akarudia, wakaingia ovyo. Akasema kwaya haina nidhamu. Watu wazima, wauguzi, makarani wa bandari, waambiwe hawana nidhamu!

Bi Zuhura, kiongozi wa sauti ya pili, alinijia baadaye. "Mwalimu, sisi twatazama kidevu chako. Mikono ya yule bwana hatuielewi." Nikamwambia wajifunze. Moyoni nimeapa: Jumamosi sitikisi kidevu. Na uzame wimbo. Wajue.

Alhamisi, 16 Oktoba
Bango limetoka. Jina la Otuoma kubwa kama mlango. Langu liko chini kabisa: kinanda. Mtunzi hakutajwa. Nimempigia Karisa. Ati nafasi haikutosha. Nafasi! Nimemkatia simu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Imekwisha. Hasira bado ninayo.

Ukumbi ulijaa. Sehemu ya kwanza ilienda, nami nimekaza shingo kama niliyetiwa plasta. Sehemu ya pili, pale wanawake wanapogombana kwenye foleni ya maji, sauti nne huingia moja baada ya nyingine. Otuoma akawaonyesha kwa kijiti waingie. Sauti ya pili ikachelewa. Ya tatu ikawahi. Fidla zilizotusindikiza zikanyamaza. Watu wa mbele wakaanza kutazamana. Bi Zuhura jasho linamtoka, macho kwangu. Na wimbo wangu unakufa hadharani.

Nilitaka ufe. Nasema kweli. Aibu ingekuwa yake.

Kidevu kikapanda. Kwaya nzima ikavuta pumzi. Tukaimba hadi mwisho, na Otuoma akapunga mikono akitufuata sisi. Wakamshangilia yeye. Karisa akampa shada la maua. Otuoma akainama, akawaonyesha waimbaji, akawaonyesha wapiga fidla. Upande wa kinanda hakugeuka.

Jumapili, 19 Oktoba
Karisa amepiga simu, mwenye furaha. Wanautaka wimbo Nairobi. Otuoma aongoze, mimi nikapige kinanda.

Nimesema hapana. Sikuomba radhi. Wimbo ni wangu, nikisimama mbele utakwenda, nisiposimama hauendi popote. Akasema nimeingiwa na kiburi. Nikamwambia ndiyo, kimeniingia, tena kimechelewa. Kisha nimekaa kitandani na viatu miguuni, nimechoka kuliko jana.

Jumanne, 21 Oktoba
Nairobi hawajajibu. Huenda hawatajibu.

Mazoezi. Nimekuta kinanda kimesogezwa ukutani, naye Gona wa sauti ya besi, mfanyakazi wa reli, ameketi kukipiga. Amejifundisha kurasa mbili za mwanzo. Anapiga vibaya. Bi Zuhura amenionyesha kwa mkono pale mbele, patupu, hapana hata kiti. "Simama hapo, Mwalimu."

Nimesimama. Wote wananitazama. Sikujua mikono niiweke wapi.