Gemu ya Tatu Imeninyima Mshenga

Senje Zipporah, shangazi yetu mpendwa, pole na kazi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe ishirini kwa sababu nimechoka, na nikisema nimechoka usidhani ni uchovu wa kazi, mimi ni fundi wa simu hapa mjini Kakamega na kazi nimeizoea, huu ni uchovu wa kubishana, nimebishana karibu miaka miwili juu ya kitu kimoja mpaka sauti yangu mwenyewe inanichosha. Nina miaka thelathini na tatu. Usicheke ukisikia ni kitu gani.

Ni gemu. Iko gemu inaitwa Walinzi wa Marumo, ya falme na majoka na uchawi, unakuwa askari mmoja anaitwa Hadro na unatembea na rafiki yako Belki, na kila mahali unachagua la kusema na la kufanya na hadithi inafuata vile umechagua. Tulianza kuicheza tukiwa sekondari, mimi na Titus na ndugu yake Phanuel, kwao Shinyalu, kwa televisheni moja yenye tulikuwanga tunaipiga makofi ndiyo ionyeshe rangi. Ya kwanza tuliimaliza mara nne. Ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Halafu wakatoa ya tatu na dunia yote ikaichukia.

Kwa hii ya tatu Hadro amezeeka, upanga ameuza, na Belki anakufa hapo mwanzo kabisa, uchague hili uchague lile anakufa tu, na gemu yote inayobaki ni wewe kumbeba kwa mkokoteni wa punda kuvuka milima umpeleke kwao akazikwe na watu wake. Kupigana ni kidogo sana. Unapita vijiji, unaomba maji, watu wanakuuliza marehemu alikuwa nani na unawaeleza. Watu wa mtandaoni wamesema ni takataka, wamesema watengenezaji wameishiwa na akili, na mimi nimewajibu mmoja mmoja, hata watu wa nchi zenye siwezi kuzionyesha kwa ramani, nikiwaeleza juu ya muziki, vile mvua imechorwa, vile maneno yameandikwa kwa ustadi. Hakuna hata mmoja amewahi kuniambia sawa, umenishinda.

Lakini hao si shida, shida ni Titus. Titus akisikia tu jina la hiyo gemu anawaka. "Hii si gemu, haya ni matanga," ndivyo anasemanga, eti ni gemu ya kulala matangani, na yeye mwenyewe aliicheza saa moja tu akazima. Mimi namwambia huwezi kuhukumu kitu chenye hujamaliza, yeye ananiambia niende nikaoe hiyo gemu, hivyo hivyo kila tukikutana, na sisi tumekuwa marafiki miaka kumi na saba. Zamani Phanuel ndiye alikuwanga anatuamua, anatuita wazee wa baraza, tunacheka, yanaisha. Phanuel alituacha mwaka juzi Agosti, ajali ya barabarani, na mimi nilikuwa Lodwar kwa kazi ya mitambo ya simu, mafuriko yakakata barabara, hata mazishi sikuwahi, nilifika Shinyalu siku ya tatu baada ya kuzika nikawapa pole nikarudi, na hiyo gemu ikatoka mwezi uliofuata, kwa hivyo sasa hakuna wa kutuamua.

Basi, naoa. Dinah wangu ni wa Chekalini na Titus ndiye mshenga, yeye ndiye ameongea na wajomba zake Dinah tangu mwanzo, wanamjua, wanampenda, kuna mzee mmoja huko huwa anamchanganya anamwita yeye mkwe. Jumapili iliyopita nilimwalika yeye na mke wake Cindy kwangu Amalemba tupange safari ya kwenda kwa wajomba hiyo tarehe ishirini, na rafiki yetu Farouk wa Mumias akaja pia, yeye ndiye alichinja kuku. Dada yangu akapika hiyo ingokho, akaleta obusuma, ugali wetu, akaweka bakuli mbele yangu mimi mwenye nyumba nigawe. Hapo ndipo Farouk, maskini hakujua, akasema ameanza ile gemu ya tatu na muziki wake ni mtamu. Titus akamwambia, "Wewe pia umerogwa?" Senje, sijui ni nini kilinishika. Nilichukua imondo, ile firigisi yenyewe, yenye kwetu hupewa mgeni wa heshima na kila mtu hapo alijua ni ya Titus, nikaiweka kwa sahani ya Farouk nikasema, "Huyu ndiye anajua vitu."

Farouk aliiangalia tu, hakuigusa. Titus alisukuma sahani yake kando. Alinawa mikono na obusuma yake bado nzima, akamwambia Cindy twende. Kesho yake akanitumia ujumbe mmoja: "Tafuta mshenga mwingine." Simu hashiki. Nimemtumia makala mbili ndefu za watu wanaosifu hiyo gemu ili aone si mimi peke yangu, na bado hajajibu. Dinah anasema wajomba zake hawawezi kukaa na mshenga mgeni, wataahirisha, na tayari waliahirisha mara moja, na yeye akasema ikiahirishwa tena hajui kama atakuwa na nguvu ya kungoja. Je, nimdanganye Titus kwamba hiyo gemu ni mbaya ndiyo yaishe? Mdomo wangu uko tayari, vile nimechoka, lakini kila nikijaribu kuyaandika hayo maneno moyo unakataa na sijui ni kwa nini.

Mimi Fundi Mchovu,
Amalemba.

Senje Zipporah anajibu:

Fundi, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilitamani ungekuwa karibu nikufinye sikio.

Tuanze na kuku. Wewe ulilelewa wapi? Mtu amekusemea kwa wakwe, amekuja kwako kama mshenga, ameketi na mke wake kando yake, nawe unaipitisha imondo mbele ya pua yake unampa mwingine! Ungemtukana kwa mdomo, naye angekutukana, mngechoka mkale. Ulimtukana kwa sahani, na tusi la sahani halina jibu, mtu hunawa tu akaenda zake. Titus ana adabu kukushinda. Farouk naye umemtia aibu bure, mtu aliyekuchinjia. Halafu badala ya kuomba msamaha unatuma makala! Makala, Fundi? Ewe Mungu wangu.

Sasa hiyo gemu. Mimi hata karata sijui kucheza, lakini kusoma najua. Unasema Titus aliicheza saa moja akazima. Ndani ya hiyo saa moja, kwa maelezo yako mwenyewe, kunatokea nini? Rafiki anakufa, na uchague lolote haponi. Mtu huyu alikuwa amemzika ndugu yake mwezi mmoja tu kabla. Wewe unamketisha abebe maiti mara ya pili, na akikataa unamwambia hajamaliza. Alipokuambia haya ni matanga, alikuwa anakueleza jambo. Karibu miaka miwili anakueleza, nawe unamjibu habari za mvua ilivyochorwa.

Lakini nakuonea huruma pia, mwanangu. "Hata mazishi sikuwahi," umeandika, katikati ya sentensi, ukapita mbio. Kwetu mtu asiyetupa udongo kwenye kaburi la rafiki yake hakai vizuri, na wewe hujakaa vizuri tangu Agosti ile. Kisha ikaja gemu inayokuambia mbebe mwenzako, mfikishe kwao, mweleze kila anayeuliza marehemu alikuwa nani, mzike. Ungekosaje kuipenda? Ndiyo maana moyo unakataa uitukane. Nyote wawili mnamlilia Phanuel, na mmekuwa mkigombana kana kwamba mnalilia watu tofauti.

Kwa hivyo usimdanganye. Ukiulizwa, sema unaipenda, na unyamaze hapo hapo. Hao wa mtandaoni waache leo hii, hawakukutuma uwaongoe.

Dinah mweleze yote jioni ya leo, pamoja na imondo, asije akayasikia kwa wajomba. Kesho funga duka uende Shinyalu mwenyewe, miguu yako, usimtume Farouk wala simu. Beba jogoo aliye hai, si vipande vya kuchagua tena. Mwombe Titus msamaha mbele ya Cindy, maana mbele ya Cindy ndipo ulipomwaibisha. Habari ya ushenga usiiguse. Akitaka kuurudia atasema mwenyewe, na kama tarehe ishirini itapita, ipite, wewe na Dinah mtaipanga nyingine mkiwa na akili zenu.

Ukishaomba msamaha, mwombe akupeleke kwenye kaburi la Phanuel. Mkifika, mwambie lile ambalo hujamwambia mtu: kwamba hukumzika na inakuuma, na kwamba kwenye ile gemu ndiko ulikopata kumzika. Usiongeze neno la muziki wala la mvua. Nyamaza umwache Titus akusimulie siku ile ilivyokuwa, kwa sababu yeye alikuwepo na hakuna aliyewahi kumuuliza.