Mafuta ya Nazi Kwenye Sahani ya Mama

Namuwongo, Kampala

Dada yangu Aryemo,

Salamu zikufikie huko Mombasa, zikukute umekaa, na kama umesimama tafuta kiti, maana leo nina maneno. U hali gani? Na lile joto, na yule tajiri wako mwenye kelele? Sisi huku wazima. Mama mzima, kuku wazima, na mimi mzima kuliko wote, ukibisha waulize wasichana wa huku relini. Najua utaucheka mwandiko wangu. Cheka tu. Shule niliiachia Senia Tuu, kidato cha pili tu, lakini Kiswahili cha kambi ya polisi tulikinyonya pamoja, na mimi ndiye niliyenyonya zaidi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Tulia, utajua. Barua anakuletea Blaise, yule Mkongomani wa vitenge, mteja wangu wa kila asubuhi. Mpe chai. Akikwambia chapati zangu zimekuwa ndogo, ni mwongo, tumbo lake ndilo limekuwa kubwa. Namuwongo yote hakuna mtu anayenifikia kwa kukaanga, na hilo si majivuno, ni habari.

Sasa nikupe habari za Mama. Dada, yule mama ni askari kuliko marehemu Baba aliyevaa sare. Tangu aambiwe ana sukari sijamwona akilegea. Posho, ugali wenu wa huko, anakata ya kutosha ngumi yake, na ngumi yenyewe unaijua, ndogo, ingawa sisi tulipokuwa watoto tuliiona kubwa. Dodo, huko mnaita mchicha, na mboga nyingine ndizo zinajaza sahani. Vidonge vyake asubuhi na jioni, baada ya chakula, hakuna kusahau. Juzi msibani walimletea chai iliyotiwa sukari tangu sufuriani. Mimi nikasema leo amekamatika. Akashukuru, akakishika kile kikombe kwa adabu zote mpaka kikapoa, halafu akampa mtoto mmoja aliyekuwa analia. Na kila siku anatembea kando ya reli, haraka haraka, mpaka majirani wanamuuliza nani anamfukuza. Anawajibu kwamba ni sukari, na itachoka kabla yake. Mimi nikimfuata nahema kama mbwa, na mimi ndiye kijana.

Mwezi uliopita nikamsindikiza kliniki. Kuna nesi pale, Sista Nabangala, mnene, mcheshi, lakini macho yake yanakupekua mpaka mifukoni. Alipopima sukari akafurahi, akasema wagonjwa wote wangekuwa kama Mama, yeye angekuwa anakuja kazini kuota jua tu. Nikatabasamu kana kwamba damu ilikuwa yangu. Halafu akafungua majibu ya kipimo kingine, uso ukabadilika. Akamwambia Mama kwa heshima, nyabo, sukari umeishika vizuri, lakini mafuta kwenye damu yamepanda, unapikia nini?

Mama akainua kidevu. Akasema anapikia mafuta ya nazi anayotumiwa na binti yake wa Mombasa, na hayo ndiyo yaliyoshusha sukari. Sista akauliza ni kiasi gani. Mama akaonyesha kwa mkono, Dada, akaonyesha upawa. Sista akanigeukia mimi, akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemzaa Mama na nikashindwa kumlea.

Ndipo akaeleza taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikiliza mwalimu mpaka mwisho. Alisema mafuta ya nazi si sumu, ila si dawa ya sukari pia. Sukari imeshushwa na vidonge, na ile ngumi ya posho, na ile miguu. Mafuta yale ni mazito, ni ya aina inayoganda, na mwenye sukari lazima aulinde moyo wake kuliko mtu mwingine. Kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya mboga kinatosha, si lazima kila siku, na siku nyingine apikie ya alizeti. Mama akasikiliza kwa heshima, kisha akamwambia Sista kwamba vidonge ni vya kwao na atavimeza kama walivyosema, lakini mafuta ni ya mwanawe, hayo hayapimwi na mtu. Sista akasema basi arudi baada ya miezi mitatu, yakizidi kupanda wataongeza kidonge kingine, na moyo hauna mchezo.

Njiani nikambembeleza. Akaninyamazisha. Unamjua Mama kwa mambo ya kwetu Acholi. Mafuta ni baraka, mtu anapakwa akienda safari. Kuyamwaga mafuta ya mtoto aliye mbali, au kuyaweka pembeni, kwake ni kama kumwagia mtoto huyo matope njiani. Yanaliwa mpaka tone la mwisho. Halafu wewe unapiga simu, Mama, umetumia? Anasema nimemaliza, mwanangu. Unafurahi, unatuma dumu kubwa zaidi. Na yeye anakula haraka zaidi, ili ukiuliza asiseme uongo. Mnakimbizana hivyo tangu mwaka jana, kila mmoja anadhani anampendeza mwenzake.

Nikajaribu akili yangu, na unajua ninayo. Nikachota mafuta kimya kimya niyamalizie kwenye chapati zangu. Chapati zilitoka laini, sikatai, lakini harufu. Huku mafuta ya nazi watu wanayajua saluni. Mteja wa kwanza alitafuna akajishika nywele. Wa pili akauliza kama nasuka pia. Mama alipogundua dumu limeshuka, alinisema mpaka majirani wakazima redio. Ati nawalisha wapita njia jasho la dada yangu.

Sasa kaa vizuri, nimefika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Wiki iliyopita unga uliniishia, nikarudi nyumbani mchana bila taarifa. Mama alikuwa mezani peke yake na sahani yake ya dodo, inang'aa. Mkono wa kulia unalisha, wa kushoto umebana pua. Dada, amebana pua kama mtoto anayemeza kwinini. Anatafuna, anafumba macho, anameza, anavuta pumzi, anaanza tena. Pembeni ameweka kipande cha limau cha kusukutulia mdomo. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Aliponiona hakuona haya. Alisema tangu siku ya kwanza harufu ile imemshinda, amelelewa na moo yaa, yale mafuta ya kokwa za mti wa yaa wa kwetu, na ulimi wake haujui mengine. Nikamuuliza kama kweli anaamini yanatibu. Akasema Sista alivyoeleza alielewa vizuri sana, yeye si mjinga. Lakini Aryemo yuko mbali, hawezi kumpikia mama yake wala kumshika mkono akienda kliniki, hii ndiyo njia aliyoipata ya kumuuguza. Nani atamwambia mtoto kwamba uuguzi wake haufai? Halafu akaniapisha kwamba mdomo wangu hautalisema neno hili kwako. Nikaapa. Na mdomo wangu haujasema kitu mpaka leo. Mkono haukuulizwa.

Mimi huwa sipendi kumsifu mtu mwingine zaidi yangu, lakini kwa huyu mama nimeinua mikono.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie, na umwambie wewe mwenyewe kwamba umesikia huko kwamba mafuta yanatosha, apikie kijiko cha chai au asipikie kabisa, na baraka zote umeshazipokea. Sista hamwezi, mimi hanisikii, wewe atakutii. Usinitaje. Dumu lililobaki nitamuuzia mwenye saluni. Na kama lazima utume kitu kingine, panda basi ujilete. Wewe nakuhakikishia hatakubania pua.

Msalimie tajiri wako, mwambie apunguze sauti. Mama hajui naandika, ila salamu zake uziweke tu hapa, zipo nyingi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupita urefu na sura,
Oyat